Ngumbaru ya Atlanta

Jumapili mwenyeji wangu alinipeleka kusali Friendship Baptist, Atlanta. Jengo ni jipya. La zamani lilibomolewa 2014 kupisha uwanja wa michezo (ndiyo dunia). Baada ya ibada mzee mmoja akanisimulia: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha 1865, waliotoka utumwani hawakuwa na jengo, wakaanzia ndani ya behewa la treni. Kanisa humo, darasa humo humo. Halafu 1881, chini ya kanisa, chumba chenye giza na unyevu, wakaketi wanafunzi 11, wengi wao kina mama watu wazima waliotaka kujisomea Biblia. Ndicho Chuo cha Spelman cha leo, chuo maarufu cha wanawake Weusi!

Nikamkumbuka bibi na daftari lake la ngumbaru, akilamba penseli kabla ya kuandika jina lake.