Usimtoroke mtoto mlangoni

Wiki ya kwanza ya Januari hapa Pasua, mjini Moshi, chekechea yetu ni kilio kitupu tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka sufuria ya uji inapoingia. Mmoja kang'ang'ania kanga ya mama yake kwa mikono yote miwili, mwingine kajilaza chini na sare mpya. Na kila mwaka hakosi mzazi wa kuninong'oneza, "Mwalimu, mshike nitoroke."

Miaka ya mwanzo nilikuwa nawashika. Chuoni tulisoma saikolojia ya elimu na tukaikariri mikondo yake kama tulivyokariri mito shule ya msingi: Wundt na maabara ya Leipzig mwaka 1879, Freud na yaliyojificha akilini, Pavlov wa Urusi na mate ya mbwa, Skinner na njiwa, Maslow na ngazi za mahitaji. Kwenye mtihani unaandika jina na mfano mmoja, umefaulu. Uliobaki vichwani mwetu ni mkondo wa tabia, kwa sababu unaingia darasani bila shida: tendo lenye tuzo hurudiwa, lisilo na tuzo hufifia. Basi mtoto akilia ukampakata, umekilipa kilio, na kesho atalia zaidi. Mwalimu mwenzangu aliyenitangulia kazini alikuwa anamalizia, "Samaki mkunje angali mbichi," nasi tunanyamaza.

Baadaye nilijisomea habari za John Watson, Mmarekani aliyeutangaza mkondo huo mwaka 1913. Mwaka 1928 alitoa kitabu cha kuwashauri wazazi wasiwakumbatie watoto wala kuwapakata. Ikibidi sana, wawabusu mara moja kwenye paji la uso usiku, na asubuhi wapeane nao mikono. Nilimkumbuka bibi yangu kule Old Moshi, aliyenifunga mgongoni hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Nilijisikia vibaya sana kwa watoto niliowashika kwa nguvu pale mlangoni.

Skinner, naye wa mkondo huo wa tabia, simtupi. Kunawa mikono, kupanga viti, kusubiri zamu ya bembea: sifa ya papo hapo inafanya kazi, na naitumia kila siku. Ila mtoto anayemlilia mama yake hafanyi biashara na mimi.

Linaloniuma ni kwamba jibu lilikuwa hapa jirani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti. Akaingia vijiji vya Waganda, akawa anatembelea familia 26, kila baada ya wiki mbili hivi, saa mbili kila mara, kwa miezi kadhaa. Alikuwa anakaa, anauliza, anatazama watoto wachanga. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967. Sisi, mwendo wa basi tu kutoka huko, tulifundishwa mate ya mbwa wa Urusi.

Alichokiona ni hiki. Mtoto mwenye uhakika na mama yake hatulii mapajani siku nzima. Anatambaa, anachezea kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, kisha anasogea mbali zaidi. Mama ndiye kituo anachoondokea na kurudia. Tena mama waliokuwa na mengi madogo madogo ya kusimulia kuhusu watoto wao, ndio hasa waliokuwa na watoto wenye uhakika huo.

Zamani watu wa Freud na watu wa tabia, ambao hawakupatana kwa mengi, walikuwa wanakubaliana kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya chakula. John Bowlby, daktari wa London, ndiye aliyelikataa hilo, na mtafiti wa Marekani, Harry Harlow, akaonyesha mwaka 1958 kwamba vitoto vya kima huliganda sanamu la kitambaa laini hata kama maziwa yako kwenye sanamu la waya. Mwaka 1972 Ainsworth na Silvia Bell waliandika kwamba watoto walioitikiwa upesi wanapolia miezi ya mwanzo, walilia kwa uchache kuliko wengine kuelekea mwisho wa mwaka wao wa kwanza. Watu wa mkondo wa tabia waliupinga utafiti huo kwa maandishi, na ubishi ukawa mkali. Ni kweli pia kwamba hao walikuwa wachanga, wangu wana miaka mitatu na minne. Hata hivyo, nimesimama mlangoni miaka kumi na moja, najua niko upande gani.

Siku hizi mzazi akija kuandikisha namuuliza mambo ambayo hayamo kwenye fomu. Mtoto anaogopa nini? Usiku analala na nani? Nani akimbeba ananyamaza?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotusaidia mwaka jana. Kulikuwa na mtoto wa kiume aliyelia wiki mbili mfululizo, hata mama yake akikaa naye darasani. Nilipouliza vizuri, kumbe alilelewa na bibi yake mlimani tangu anaachishwa ziwa, akaletwa mjini Desemba. Nikamwambia mama, "Tuletee bibi."

Bibi alishuka na daladala ya asubuhi, kitenge kichwani, ndizi mbivu kwenye kikapu. Tukamwekea benchi chini ya mwembe. Siku ya kwanza mtoto hakutoka mapajani. Siku ya pili alifika kwenye matairi tunayochezea, akageuka, akamwona bibi, akaendelea. Siku ya nne bibi alitaka kuondoka wakati mtoto yuko kwenye wimbo.

"Nitoke kimya kimya, mwalimu?"

"Hapana bibi. Mwite, umuage."

Akamwita kwa Kichagga, akamshika kichwa, akamwambia atarudi Jumapili. Mtoto alilia. Nikampakata mpaka uji ukaja, akaomba kikombe chekundu.