Miwani ya theluji niliyonunua kwa pupa

Siku yangu ya kwanza kwenye ubao wa theluji, pale Loveland, Colorado, nilianguka hadi makalio yakafa ganzi. Hilo nililitarajia, mtoto wa Likoni barafu aliijulia wapi, kama si ya kwenye sharubati? Kilichonikera ni miwani. Nilichukua ya bei poa, kioo cheusi tii, kwa kuwa ilinipendeza pichani. Saa nne mawingu yakashuka, nikawa sioni tuta wala shimo. Kisha ikajaa ukungu, nami nikaipangusa kwa ndani na glavu. Kosa! Ule utando wa kuzuia ukungu ukakwaruzika, na ndio ikawa basi.

Safari ya pili nilikwenda dukani na helmeti yangu mkononi. Nikavaa vyote pamoja, maana pakibaki uwazi kwenye paji la uso, upepo wa mlimani unakukata kama wembe. Mimi navaa miwani ya macho, kwa hiyo nilitafuta fremu pana yenye nafasi ya mikono ya miwani kupita bila kunibana panda za uso.

Nikachagua kioo cha tabaka mbili, kwani hicho hakishiki ukungu upesi. Daraja lake la weusi wa kioo ni S2, linalopitisha mwanga asilimia 18 hadi 43. S3 ni la jua kali, S1 la mawingu mazito. Vioo vya kubadilisha vilikuwepo, lakini bei yake, jamani! Nitavinunua nikishajua kusimama.