Si Kuchoma Sindano Tu: Siku Yangu Kliniki ya Watoto

Watu hudhani kazi yangu ni kuchoma watoto. Kuchoma ni sekunde tano. Kazi ni hayo mengine.

Saa 1:10 asubuhi. Kabla sijaamkia mtu, nasoma kipimajoto cha friji: nyuzi 4. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Wengi huogopa joto tu, kumbe Pentavalenti, chanjo moja ya magonjwa matano, ikiganda usiku mmoja ni ya kutupa, hata kama ikiyeyuka utaiona nzima.

Saa 2 hadi saa 4: mizani, kadi, vilio, mapaja.

Saa 4 na robo akaingia bibi na mjukuu wa wiki 10.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Leo humchomi.”

Ile ya wiki 6, mtoto alichemka usiku kucha. “Nimewaletea mtoto mzima, mkanirudishia mgonjwa!” Akina mama kwenye foleni wakaanza kuangaliana. Hapo ukijibu vibaya, unapoteza wateja kumi.

Nikakaa naye benchi moja. Nikamwambia ndani ya hiyo Pentavalenti wamo wadudu wa kifaduro waliokwisha kuuawa, imo na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali. Hakuna kitu hai. Mwili ukivikuta unapiga mayowe, na ile homa ndiyo mayowe yenyewe. Chembe nyeupe za damu zinajifunza sura ya adui na kutengeneza kingamwili, kisha chache zinabaki miaka zikimkumbuka. Mara ya kwanza hujifunza polepole na kusahau upesi, ndiyo maana tunarudia wiki ya 10 na ya 14.

“Kwa hiyo mnamchokoza.”

“Tunamchokoza, bibi.”

“Mbona mimi sikuchokozwa na nimezeeka?”

Nikamuuliza kwao walizaliwa wangapi. Tisa. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika kwenye kidole cha saba akasimama. “Wawili walikwenda na kifaduro. Hata kutambaa walikuwa bado.” Akaifungua kanga mwenyewe, paja likawa wazi.

Dakika 25 kwa sindano moja. Foleni ilininunia mpaka mchana.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Nakumbuka chanjo ya surua-rubella tu: kichupa kina dozi 10, na ukishaichanganya na maji yake unao muda wa saa 6, basi. Leo walikuja watatu wa miezi 9. Wakichanjwa wadogo zaidi chanjo haishiki vizuri, maana kinga waliyopewa na mama tumboni huweza kuizima. Tunaambiwa tufungue hata akija mmoja, nami nakubali, lakini kuandika “dozi 7 zimetupwa” huniuma kama nimemwaga maziwa.

Mgongo unawaka. Chai ya saa nne nimeikuta mezani na utando juu. Kipimajoto: nyuzi 5. Nikafunga dirisha, nikachukua mkoba, na feni ikazimika.

Umeme.

Nikaweka mkoba chini, nikatafuta karatasi, nikabandika mlangoni pa friji: MSIFUNGUE.