Jinsi -li- ya Kihaya ilivyonirudisha mwanzo

Wiki iliyopita nimemaliza, na furaha niliyo nayo ndiyo inayonifanya niandike. Mistari 640 na kidogo ya Kihaya cha bibi yangu, lugha ya Wahaya wa upande wa Bukoba, imo kwenye kanzidata yetu ya pamoja, kila mofimu (kipande cha neno chenye maana) na glosi yake (maana yake kwa kifupi). Tuko watano tunaoijaza, wengine Bukoba, mmoja Mwanza, mimi Dar es Salaam, na sasa yeyote kati yetu akitafuta wakati uliopita anapata wakati uliopita kweli. Miezi michache nyuma alikuwa anapata wakati ujao.

Bibi anaishi kwa shangazi, Tabata. Namrekodi Jumapili mchana kwa simu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya bodaboda, feni imezimwa, tunavuja jasho wote wawili. Kurekodi ni kazi rahisi. Kazi yenyewe ni kuandika chini ya kila sentensi maana ya kila kipande cha neno, ili mtu asiyejua Kihaya aone neno limejengwaje. Tunafuata Kanuni za Leipzig. Ni kumi tu, zilitungwa Ujerumani na wanaisimu wa Taasisi ya Max Planck wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Leipzig, na mtu makini anazisoma jioni moja. Maana za maneno tunaziandika kwa Kiswahili, maana bibi na wenzake wakitaka kukagua waweze.

Nilipoanza, kaka mmoja aliyesoma isimu alinipa ushauri ambao hadi leo ukinijia unaniudhi. Alisema, "Kihaya si Kibantu? Kiswahili si Kibantu? Viambishi ni vilevile. Chukua vya Kiswahili, jaza, utamaliza kwa siku mbili." Na mwanzoni alionekana mkweli. Tu- ya Kihaya ni tu- yetu, "sisi". A- ni yeye. Wa- ukiigeuza ba- umemaliza: watu, abantu. Nikaamini.

Basi usiku mmoja wa Jumamosi, umeme umekatika mtaa mzima na betri ya kompyuta inasoma asilimia 30, nikatumia ile amri ya kutafuta na kubadilisha kwenye Excel. Palipo na -li- pakaandikwa PST, yaani wakati uliopita. Palipo na -ka- nikaweka alama ya tendo linalofuatia jingine, kama "tukaenda, tukala". Nikabonyeza. Safu nzima ikajaa mbele ya macho yangu kabla betri haijafika 25. Asubuhi nikapakia kwenye kanzidata na wenzangu wakanipongeza kwenye WhatsApp.

Jumapili iliyofuata nikaenda kumsomea bibi tafsiri zangu, jambo ambalo nashukuru sikuliruka. Nikafika kwenye sentensi aliyokuwa anazungumzia harusi ya binamu yangu. Nikasoma, "Tulifunga mbuzi."

Bibi akaweka kikombe cha chai chini. "Mbuzi gani tumefunga? Harusi si Desemba? Leo Agosti, nani amefunga mbuzi?"

Nikamwambia, "Bibi, mbona umesema mwenyewe, sikiliza." Nikaweka sauti. Ikatoka wazi kabisa: *tulikoma embuzi*.

"Ndiyo," akasema, "tulikoma. Tutafunga. Si leo, si kesho, huko mbele."

Shangazi akaitikia kutoka jikoni kwamba ndivyo hasa. Nikakaa pale na simu mkononi. Ile ile "tuli-" ambayo kwa Mswahili imeshapita, kwa Mhaya bado haijafika. Kila PST niliyoiweka juu ya -li- ilikuwa imegeuza mipango ya bibi kuwa historia.

Ikabidi niiangalie na -ka-. Hiyo ilinichelewesha zaidi kwa sababu ilikuwa imejificha vizuri. Hadithi za utoto wa bibi zimejaa *tuka-*, na ukizisoma kwa sikio la Kiswahili zinatiririka bila shida: tukafunga, tukaenda, tukarudi. Hakuna kinachogoma. Lakini bibi haunganishi tendo na tendo pale. *Tukakoma* ni tulifunga, zamani, kabla ya jana. Inaweza kuanza hadithi peke yake bila kitenzi chochote mbele yake, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka mapema.

Nikaacha viambishi vya Kiswahili kabisa. Nikachukua kitenzi kimoja, -koma, "kufunga kwa kamba", nikamuuliza bibi sentensi moja ile ile huku nikibadilisha siku tu. Leo asubuhi? *Twakoma*. Jana? *Tukomile*. Juzi? *Tukakoma*. Mwaka juzi? *Tukakoma*. Ulipokuwa msichana? *Tukakoma*, na akaanza kuchoka na mimi. Jioni ya leo? *Tulaakoma*. Kesho? Hiyo hiyo. Keshokutwa? *Tulikoma*. Desemba? *Tulikoma*, nimeshakwambia.

Nyakati tatu zilizopita na mbili zijazo, zimekatwa kwa siku: leo, jana, kabla ya jana, mpaka kesho, baada ya kesho. Dakika kumi za kuuliza zilinipa nilichokikosa kwa miezi. Kama unafanya lugha yoyote kati ya zile zaidi ya 120 za nchi hii, anza na maswali ya siku kabla hujagusa kompyuta.

Mpangilio wetu sasa ni huu:

tukakoma embuzi
tu-ka-kom-a e-m-buzi
1PL-PST3-funga-FV AUG-ng9-mbuzi
"Tulifunga mbuzi (zamani)."

1PL ni nafsi ya kwanza wingi, FV ni irabu ya mwisho wa kitenzi, AUG ni irabu inayotangulia nomino, ng9 ni ngeli ya 9. PST1 ni ya leo, PST2 ya jana, PST3 ya kabla ya hapo. Mwenzetu mmoja alikuwa ameanza kuhesabu kutoka mbali kuja karibu, kwa hiyo orodha ya vifupisho lazima ikae ndani ya kanzidata yenyewe, si kwenye kichwa cha mtu. Mstari wa neno zima nao usiondolewe, maana *twakoma* ukiikata inakuwa tu-a-kom-a na msomaji hataijua tena ilivyotamkwa. Hiyo "ng" tumeiweka kwa makusudi. Awali tuliandika ngeli kwa namba tupu, na 1 hiyo hiyo ni nafsi ya kwanza; ukitafuta 1 unaletewa "sisi" na "mtu" kwenye kapu moja. Kuna aliyetaka tutumie A-WA na KI-VI za shuleni, lakini kwa Kihaya ni eki- na ebi-, hiyo VI ungeitoa wapi? Namba za ngeli alizozianzisha Bleek na kuendelezwa na Meinhof, wanaisimu wawili wa Kijerumani, zinafaa karibu lugha zote za Kibantu.

Hila ninayojivunia ni ya vistari. Kanuni ya pili ya Leipzig inataka vistari vya mstari wa lugha vilingane kwa idadi na vya mstari wa glosi. Nikatengeneza fomula: hesabu herufi za kisanduku, hesabu tena ukiondoa vistari, toa. Fanya hivyo kwa mistari yote miwili na ulinganishe. Visipolingana, kisanduku kinakuwa chekundu. Mara ya kwanza karibu theluthi ya jedwali iliwaka. Karibu zote zilikuwa za *-ile*, ambayo inakaa mwishoni mwa kitenzi na kuchukua nafasi ya -a: tu-kom-ile, 1PL-funga-PST2, vistari viwili. Mimi nilikuwa naiwekea FV kwa mazoea. Fomula haijui Kihaya, lakini ilinionyesha kila mahali nilipokosea hilo.

Kwa bando na nauli imenila kama elfu sitini, labda sabini. Jumapili iliyopita nilimsomea bibi ile sentensi ya harusi upya: "Tutafunga mbuzi." Akaniuliza wangapi. Nikamjibu kwamba neno *embuzi* halisemi, ni mmoja au kumi, kama ilivyo kwa Kiswahili.

"Andika wawili," akasema, akachukua chai yake.