Usiniambie kujikinga upepo ni mambo ya lami

Kwenye mbio za baiskeli za milimani, ushauri wa kwanza hutoka kwa mtu ambaye hukumuuliza. Wangu ulitoka kwa mkongwe mmoja wa mchezo: "Kujificha upepo nyuma ya mwenzako waachie watu wa lami, wa baiskeli za barabarani. Huku kila mtu na miguu yake." Akaondoka zake, na mimi msimu mzima nikawa nawakatia watu upepo bila hata asante. Nilikuwa naongoza kundi kwenye barabara za vumbi kifua mbele, halafu mlima ukianza, wale niliowabeba wananipita huku wanapiga soga.

Alichosema kina ukweli nusu, na ndiyo maana kinapotosha. Ukipanda mlima mkali kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, kukaa mgongoni mwa mtu hakukusaidii kitu cha maana, kwa sababu hapo unapigana na uzito wako mwenyewe. Lakini nguvu ya kuushinda upepo haiongezeki polepole. Ukizidisha mwendo mara mbili, unatakiwa kutoa nguvu hiyo mara nane. Kwenye barabara pana ya udongo mgumu, mkienda kilomita 30 kwa saa, adui mkubwa ni hewa, uwe na matairi mapana usiwe nayo. Tazama mbio za Leadville kule Colorado, Marekani: kilomita 160 hivi, zinaanzia juu ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe nyepesi, na bado kwenye sehemu za tambarare watu wanatafutana wajipange mstari. Kwenye Cape Epic ya Afrika Kusini wanakimbia wawili wawili na hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika 2, kwa hiyo mwenye nguvu anakaa mbele na mwenzake anapumzika nyuma yake. Nao hao waambieni ni mambo ya lami.

Nilipoamua kujifunza, mshauri wa pili akanipa sumu nyingine: "Karibu uguse gurudumu la aliye mbele yako, sentimita 30, usiache nafasi." Huyu alikuwa mtu wa barabarani kweli, na barabarani yuko sahihi. Kwenye changarawe, jamani! Nilimng'ang'ania jamaa mmoja mwenye mgongo mpana kama mlango wa ghala, nikawa natiririka tu, raha mustarehe, pedali nyepesi, nikaanza hata kujiona bingwa. Jiwe lilikuwa katikati ya njia. Yeye aliliona, akanyanyua gurudumu la mbele kwa ustadi, akalivuka bila kupunguza mwendo. Mimi nilikuwa naangalia tairi lake, na jiwe nililiona lilipotokea chini ya tairi hilo, yaani nililiona likiwa tayari langu. Nilitua kichakani kichwa chini, viatu, vile vya kunasa kwenye pedali, bado vimeng'ang'ania. Aliyekuwa nyuma yangu alipita, akauliza kama niko salama, na hakusubiri jibu.

Basi nikaja na ya kwangu, na hii najisifia wazi kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Naacha urefu wa baiskeli moja, wakati mwingine zaidi. Unapoteza kinga kidogo, lakini unapata ardhi ya kuitazama. Nakaa pembeni kidogo ya mstari wake, macho yanapita kando ya nyonga yake kwenda mbele. Na masikio nayafungulia habu yake ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Mtu akiacha kukanyaga pedali, habu inaanza kulia tik-tik-tik kabla mkono wake haujagusa breki. Sauti hiyo ndiyo taarifa yangu. Nami naacha kukanyaga papo hapo, na mara nyingi breki sihitaji kabisa. Ukisikia tik-tik halafu ukaona makalio yameinuka kutoka kwenye kiti, kuna mtaro au mizizi, jiandae.

Vumbi nalo lisome. Upepo ukitoka ubavuni, kinga haiko nyuma moja kwa moja, iko upande ambao vumbi lake linaelekea. Bahati mbaya, hapo ndipo pia utakapolila. Mimi hukaa ukingoni mwa wingu, nusu ndani nusu nje. Miwani ni lazima, hata ya bei ya chini, na chupa ya maji iwe na kifuniko, la sivyo utakunywa tope.

Kupokezana zamu mbele? Nafanya, lakini sikimbilii. Wakinipungia mkono niongoze, mara nyingi mdomo wangu umejaa jeli ya kuongeza nguvu. Wanaelewa, au wanajifanya kuelewa. Ukizidisha lakini watakuchoka, na wataanza kuyumba makusudi hadi ukae peke yako.

Kitu kimoja usikipuuze: njia nyembamba ikikaribia, kinga iache. Kundi likiingia kwenye kinjia cha msituni, wa kwanza anapita, wa tano anafunga breki, wa kumi anashuka na kusukuma baiskeli. Kila kona wa nyuma anasimama na kuanza upya, na nguvu zote alizoziweka akiba barabarani zinaishia hapo. Kwa hiyo kabla ya mbio mimi huenda kuangalia kila barabara pana inaishia wapi, natafuta alama, mti au mwamba, na nikiuona tu nachomoka. Nachomokea upande ambao upepo hautoki, ili mwili wa ninayempita unikinge hadi dakika ya mwisho, naye akitaka kunifuata aanze kwa kula upepo wote peke yake.