Gauni la Rambo

Mei 2019, wakati kila mtu Dar es Salaam anaondoa mifuko ya plastiki kabla ya marufuku ya Juni 1, sisi tulikuwa tunaikusanya. Nilikuwa msaidizi wa kaka mmoja mpiga picha, mtu wa kubeba taa na kushika rifleksa. Alikuwa anaandaa mfululizo wa picha za kubuni kuhusu dunia inayozama kwenye taka zake yenyewe, na picha ya kwanza ilihitaji gauni la rambo tupu, yaani mifuko hiyohiyo ya plastiki.

Wazo lilitoka kwa Fabrice Monteiro, mpiga picha mwenye asili ya Benin na Ubelgiji anayeishi Dakar. Mwaka 2013 alianza The Prophecy pamoja na mbunifu wa mavazi Doulsy: majini yanaibuka mahali palipoharibiwa, mojawapo kwenye dampo la Mbeubeuss, gauni lake refu likiishia kuwa takataka zenyewe. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa jini ni nani. Usiku nilipozitazama zile picha, usingizi uliniruka.

Plastiki haishoneki kirahisi; sindano ikipita inachanika. Fundi wetu wa Magomeni akapata njia. Anapanga rambo tatu nne, anazifunika kwa gazeti, anapitisha pasi isiyo kali sana mpaka zinashikana na kuwa kitambaa kigumu. Bluu, nyeusi, nyeupe, zote zilizooshwa na kuanikwa. Chumba kilinuka vibaya, ikabidi kazi ihamie uani. Lilipokamilika nililishika mikononi nikaona ni zuri, na uzuri wake ukanitisha.

Tulilipeleka Jangwani, ukingoni mwa Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu ukibeba uchafu wa mji hadi baharini. Wa kulivaa alikuwa mama muuza mihogo wa palepale. Mafuriko ya Desemba 2011 yalimchukulia nyumba na vyombo vyote. Alipelekwa Mabwepande, mbali na mji, walikohamishiwa waathirika wenzake, lakini riziki yake ilikuwa mjini, akarudi.

Kaka alitaka kumfunika uso kwa kinyago cha plastiki, awe Dunia. Mama alikipokea, akakirudisha.

“Mwanangu, maji yalinikuta mimi, na uso wangu huu. Nipige nionekane.”

“Lakini mama, picha inazungumzia dunia nzima.”

“Basi initazame.”

Akaingia kwenye tope na gauni lake. Huzuni aliyoelekezwa hakuitoa. Aliitazama kamera kama mdai anavyomtazama mdeni. Picha za Monteiro nazipenda mpaka leo, maana jini ni jini. Ila aliyefikwa na maafa akiwa hai na mbele yako, kumfanya alama tu ni kumnyang’anya mara ya pili.

Tulipomaliza alidai nakala mbili, moja yake na nyingine ya bintiye aliyebaki Mabwepande. Kaka alizichapisha wiki ileile, kubwa, na hakuna picha nyingine ya mfululizo ule iliyovalishwa kinyago.