Dola 40 kwa tarakimu tatu

Fundi mmoja wa katikati ya mji hapa Lubumbashi aliniomba dola 40 ili anirekebishie barua pepe. Wenzangu wa Kariakoo, pigeni hesabu wenyewe. Mtoa huduma wangu wa intaneti alikuwa amefunga poti 25, yaani mlango wenye namba ambao barua pepe zangu zilitokea, bila hata ujumbe mfupi wa kutuarifu. Barua ziliendelea kuingia kama kawaida, lakini hakuna iliyotoka, huku lori la mteja likiwa mpakani Kasumbalesa linasubiri karatasi zilizokwama kwenye kompyuta yangu, na Dar es Salaam wakinipigia simu kuuliza kama bado nimelala.

Sababu ya kufunga siipingi. Poti 25 ni njia ya tangu mwaka 1982 ambayo seva, yaani kompyuta zinazosafirisha barua, hupelekeana barua, na kwa asili yake haikumdai mtumaji nywila, hivyo kompyuta yenye virusi inaweza kumwaga barua taka humo usiku kucha. Kinachoniudhi ni ule ukimya, maana sisi watu wa mizigo, barua isipotoka leo, kesho tunalipia maegesho.

Aliyeniokoa ni kijana wa jirani, mwanafunzi, ambaye alitazama kidogo akasema, "Papa, banafunga ile mulango, tutaweka ingine." Upande wa barua zinazoingia hakuugusa. Kwenye seva ya kutuma aliandika jina la seva ya kampuni inayotunza anwani yangu, si ya mtoa intaneti, akafuta 25 na kuweka 587, poti iliyotengwa tangu 1998 kwa ajili ya watumaji kama sisi, akachagua STARTTLS, yaani ulinzi unaoficha barua zikiwa njiani, kisha akawasha uthibitisho kwa anwani yangu kamili na nywila ileile ya kupokelea. Aliniambia kwamba 587 ikigoma nijaribu 465 pamoja na SSL/TLS, namna nyingine ya ulinzi huo. Barua zikaanza kuondoka moja baada ya nyingine. Noti ya dola 10 aliikataa katakata, soda aliinywa.

Nanyi mnaoniuliza kama mje huku, njooni, kazi ipo. Ila jifunzeni Kifaransa, kwa kuwa hata mipangilio ya kompyuta nyingi za hapa imo katika lugha hiyo. Leteni dola zisizochanika, kwani noti yenye kijitundu haipokelewi hata kununulia mkate. Na kabla hamjavuka Tunduma, andikeni kwenye daftari jina la seva yenu ya kutuma, poti na nywila.